Maombi Hayakatazi Kuuliza

Hotuba kwa vijana, wazazi na watumishi waliokusanyika Arua Hill katika maadhimisho ya ushirika wetu. Nimeiandika upya kidogo kwa ajili ya gazeti hili la kumbukumbu.

 

Ndugu msomaji, sijui gazeti hili limekufikia wapi. Pengine uko Arua mjini, au Koboko, au umevuka mpaka uko Aru, Ariwara au Yei, au uko kambini Lobule au Rhino Camp. Popote ulipo, keti kidogo. Nina neno na wewe.

Kamati iliponiita, iliniambia hivi: "Mwinjilisti, mwaka huu vijana wanataka mnenaji mkuu wa kuwatia moyo katika mambo mawili, kustahimili magumu na kupenda sayansi." Nilicheka. Nikawaambia, mimi nina cheti cha chuo cha Biblia, sayansi niliiacha darasani na ile harufu ya maabara. Kwa nini msimwite profesa? Wakajibu kwamba profesa anahitaji nauli ya ndege na hoteli, wewe utakuja na bodaboda. Haya, nikakubali.

Lakini sikuja na maneno yangu. Nimekuja kuwasimulia habari ya wanenaji wengine, watu waliokwisha kulala, ambao habari yao inapita hapa hapa kwetu West Nile. Na mwisho nitawaambia kwa nini habari hii inaniuma mimi binafsi.

Mtu wa jicho moja

Mwaka 1911, katika mji wa Enniskillen kule Ireland, alizaliwa mtoto aitwaye Denis Burkitt. Alipokuwa na miaka 11 aliumizwa jicho, likapotea. Akakua na jicho moja. Alipofika chuo kikuu Dublin alianza kusomea uhandisi, kisha akampa Yesu maisha yake, na akahamia masomo ya udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huku Afrika alikataliwa. Walimwona hana macho mawili, atafanyaje upasuaji?

Vijana, sikieni hapo. Alikataliwa kwa karatasi, na sababu yenyewe ilionekana ya maana. Hata wewe na mimi pengine tungemkataa. Yeye akaingia jeshini kama daktari wakati wa vita, akatumika Kenya na Somalia, akaomba tena. Mwaka 1946 akaletwa Uganda, akaanza kazi Lira. Baadaye akahamishiwa Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, akiwa Mulago, daktari mwenzake aitwaye Hugh Trowell alimwita aje amwone mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe katika taya, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Kama ingekuwa ni jipu, lingekuwa upande mmoja. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja hospitalini, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine, msichana, ana uvimbe wa namna ileile usoni. Akatoka nje mbio kwenda kumwona. Akampima, akakuta na tumbo pia lina uvimbe.

Wapendwa, madaktari wengine walikuwa wamekwisha kuwaona watoto kama hao. Uvimbe ulikuwepo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza: mbona huyu anafanana na yule? Burkitt akaanza kufukua majalada ya wagonjwa. Akaona kwamba uvimbe wa taya, uvimbe wa tumboni na uvimbe wa macho, vilivyokuwa vikiandikwa kama magonjwa mbalimbali, vingeweza kuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akaandika habari yake katika jarida la madaktari wa upasuaji kule Uingereza. Watu wengi hawakushtuka. Lilikuwa jambo la watoto wa Afrika.

Gari kuukuu na daktari wa Kuluva

Burkitt akauliza swali la pili: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Msaada wake wa kwanza wa utafiti ulikuwa pauni 25. Akachapisha picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwenye hospitali za Afrika nzima, akiuliza: umewaona watoto kama hawa? Majibu yakaanza kurudi, huyu anasema ndiyo, huyu anasema hapana, naye akawa anachoma pini kwenye ramani ukutani.

Lakini barua zina mwisho wake. Akaona ni lazima aende mwenyewe. Alipotafuta mtu wa kwenda naye, mmoja aliyempata ni jirani yetu. Alikuwa ni Ted Williams, daktari mmishonari wa hospitali ya Kuluva, hapa upande wa Vurra, si mbali na mji huu. Wengi wenu mmelazwa Kuluva, wengine mmezaliwa Kuluva. Ted Williams alikuwa daktari, na pia alikuwa fundi wa magari. Gari likikufia porini, huyo ndiye mtu wa kuwa naye! Wa tatu alikuwa Cliff Nelson, daktari mmishonari kutoka Kanada.

Wakanunua gari aina ya Ford la mwaka 1954, kuukuu, kwa pauni 250. Tarehe 7 Oktoba 1961 wakaondoka Kampala. Wakashuka Tanganyika, wakapita Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaenda Msumbiji na Rhodesia, mpaka Afrika Kusini. Walisafiri majuma 10, maili 10,000, yaani karibu kilomita 16,000, wakatembelea hospitali 57. Ninyi mnaoijua njia ya Koboko kwenda Yei wakati wa mvua, hebu fikirini barabara za mwaka 1961.

Kila hospitali walifanya jambo lilelile. Walitoa picha, wakauliza: mnawaona watoto kama hawa? Wanatoka kijiji gani? Kuna baridi huko, au kuna joto? Jioni waliandika. Asubuhi wakaendelea. Waliporudi, ramani ikaanza kusema. Ugonjwa ulikuwa umefuata mkanda unaokata Afrika katikati, na mkia unaoshuka kuelekea pwani ya Msumbiji. Kwenye milima mirefu yenye baridi haukuonekana. Kwenye joto na mvua nyingi ulikuwepo. Ukiitazama ramani hiyo, unaona kwamba ni nchi za mbu na malaria.

Burkitt alifikiri labda mbu ndiye anayebeba kirusi cha ugonjwa huu. Hapo hakupatia sawasawa. Baadaye ilijulikana kwamba kirusi chenyewe huambukizwa kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kuugua kansa. Malaria inayomrudia mtoto tena na tena ndiyo inayoudhoofisha mwili wake na kuifungulia kansa njia. Burkitt hakuona haya kusahihishwa. Na sisi watumishi tujifunze hapo. Kuna ndugu akishasema jambo madhabahuni, hata akionyeshwa kwamba amekosea, atalitetea mpaka kaburini.

Hotuba moja, msikilizaji mmoja

Sasa nije kwenye mnenaji mkuu. Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa likizo Uingereza, akaalikwa kuzungumza katika hospitali ya Middlesex, London. Hakuwa mtu maarufu. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Uganda, na picha zake za watoto, na ramani yake. Katika wasikilizaji alikuwepo mwanasayansi kijana aitwaye Anthony Epstein, aliyekuwa anachunguza virusi vinavyoleta kansa kwa kuku. Epstein alisikiliza, na kabla hotuba haijaisha moyo ulikuwa unamwenda mbio. Kama ugonjwa unafuata joto na mvua, basi pengine kuna kitu chenye uhai kinachousababisha. Mwisho wa hotuba wakakutana, wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitakuwa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala mpaka London.

Hapa ndipo mahali pa kustahimili. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilienda, na Epstein hakupata kitu. Alijaribu hivi, hakuna. Akajaribu vile, hakuna. Mwaka 1961 ukaisha, 1962 ukaisha. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia Epstein kilikuwa kimechelewa, na maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyooza. Mtu aliyechoka angekitupa. Yeye akasema, ngoja nitazame kwanza. Akaweka chini ya darubini, akaona chembe hai zinaelea. Kutoka hapo chembe zikaoteshwa maabara. Februari 1964, kwa darubini yenye nguvu zaidi, wakakiona kirusi. Epstein alikuwa na wenzake wawili, Bert Achong aliyetoka Trinidad na mwanamke aitwaye Yvonne Barr. Kirusi hicho kikaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu.

Vijana, mmesikia hotuba nyingi. Tunapiga makofi, tunasema "mahubiri yalikuwa moto!", kesho yake tumesahau hata andiko. Siku ile London mtu mmoja alisikiliza, akaondoka na swali, akakaa nalo miaka mitatu. Ndiyo maana hotuba ile inakumbukwa.

Watoto 42,000 wa West Nile

Swali likabaki: kirusi kinaingia kabla ya kansa, au kinafuata baada ya mtoto kuugua? Ili kujibu, ilibidi wapimwe watoto wengi sana wangali wazima, kisha wafuatiliwe kwa miaka. Mahali palipochaguliwa ni hapa. Miaka ya mwanzo ya 1970 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile. Ted Williams wa Kuluva alikuwa mmoja wa watafiti. Ufuatiliaji ukaendelea mpaka 1979.

Elfu arobaini na mbili! Ndugu msomaji, kama ulizaliwa West Nile na sasa una miaka hamsini na kitu, huenda wewe mwenyewe ulichomwa ile sindano, ukalia, mama akakubembeleza njiani. Walioshikwa na kansa hii baadaye walikuwa wachache, chini ya 20. Lakini damu yao ilipoangaliwa, ilionekana kwamba kirusi kilikuwa kimeacha alama nzito ndani yao muda mrefu kabla uvimbe haujatokea. Swali likapata jibu. Leo vitabu vya udaktari duniani vinaeleza habari hiyo, na ushahidi ulitoka katika mikono ya watoto wa West Nile. Usimruhusu mtu akuambie sayansi ni mambo ya wazungu. Mama zetu walipanga foleni juani kwa ajili yake.

Na mwaka ule wa 1979 mnaujua. Vita vilikuja, watu wetu wakakimbilia Congo na Sudan. Wengi wa wazee wa ushirika huu waliokoka huko uhamishoni, chini ya miembe. Kule Mulago, kituo cha kutibu kansa hii kilichofunguliwa 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda, kilipita miaka yote migumu ya utawala wa Amin bila kufungwa. Wageni walipoondoka, Mganda Charles Olweny alishika uongozi, kazi ikaendelea. Watoto waliendelea kutibiwa. Hapo napo kuna somo la kustahimili.

Kwa nini inaniuma

Sasa nifungue moyo.

Miaka iliyopita, kabla sijayajua haya yote, tulifanya mkutano wa injili sehemu fulani karibu na mpaka. Baada ya ibada mama mmoja alinijia na mtoto wake wa kiume wa miaka kama sita. Shavu limevimba, jino limelegea. Akaniuliza kwa heshima, "Mwinjilisti, nimpeleke hospitali?" Nikamjibu, "Mama, tuombe kwanza. Tufunge siku saba." Siku saba zikaisha, nikaongeza saba nyingine. Sikumwuliza swali hata moja. Sikumwuliza uvimbe ulianza lini, mtoto anakula, tumbo likoje. Niliona kuuliza ni kukosa imani.

Juma la tatu jicho lilikuwa linasukumwa nje. Tukamkimbiza hospitali. Daktari alimpima, akanitazama mimi, si mama. Akasema, "Ugonjwa huu una dawa. Ila unakimbia kuliko sisi. Mngekuja mapema..." Hakumaliza. Kisha akaniuliza kama najua kwamba ugonjwa huo ulichunguzwa na daktari wa Kuluva. Mimi nilikuwa nimepita kibao cha Kuluva mara nyingi kuliko nywele zangu.

Mtoto yule tulimzika. Mama yake hakunilaumu. Alinishika mkono makaburini, akasema, "Asante Mwinjilisti, ulituombea." Hiyo asante ninayo mpaka leo, na ni nzito.

Sikuacha kuomba. Naamini Mungu anaponya, nimeona kwa macho yangu. Lakini nilirudi kwenye Biblia nikasoma tena. Mithali 25:2 inatuonyesha kwamba Mungu ameficha mambo, na kwamba kuyatafuta ni heshima ya wafalme. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa daktari, na pale mwanzo wa kitabu chake anasema alifuatilia kila kitu kwa makini. Watu wa Beroya katika Matendo 17 walisifiwa kwa sababu hawakumeza tu mahubiri ya Paulo, walichunguza kama ni kweli. Mfalme Hezekia aliomba, na nabii yuleyule aliyemletea jibu la Mungu akaagiza dawa ya tini iwekwe kwenye jipu. Jibu la maombi na dawa, siku moja, kinywa kimoja. Mimi nilikuwa nimevitenganisha, na sikutumwa na mtu.

Burkitt mwenyewe alikuwa mtu wa kuomba. Alianza siku yake na Biblia, kisha akaingia wodini. Alipoona kisu hakitoshi, kwamba ukikata uvimbe unarudi, akageukia dawa, na baadhi ya watoto waliokuwa wanasubiri kufa wakapona kabisa. Angeweza kusema, mimi ni mtu wa kisu, haya mengine hayanihusu. Aliendelea kuuliza.

Mambo matatu ya kuondoka nayo

La kwanza ni kwa wachungaji, wainjilisti na mama maombi. Ukiletewa mtoto mwenye uvimbe wa taya, jino linalolegea bila sababu, jicho linalotokeza au tumbo linalovimba kwa haraka, mwombee papo hapo, dakika tano, kisha umsindikize hospitali siku hiyohiyo. Kansa hii ni kati ya zile zinazokua kwa kasi kuliko zote. Siku saba ni nyingi. Na kama mama hana nauli, basi toleo la Jumapili limepata kazi yake. Mfungo utaendelea mtoto akiwa kitandani hospitalini, si nyumbani akisubiri. Na chandarua, wapendwa, kifungeni kitandani kwa mtoto. Kuku hawaugui malaria yetu.

La pili ni kwa wazazi. Mtoto akikuuliza kwa nini mwezi unafuata gari, au kwa nini mbu anauma jioni, usimwambie "nyamaza, maswali mengi". Kama hujui, sema "sijui, twende tukaulize". Huyo anayekuchosha na maswali ndiye atakayekaa na swali moja miaka mitatu bila kulitupa.

La tatu ni kwenu vijana. Wengine mmefeli mtihani, wengine shule ilikatika kwa vita, wengine mnauza chapati barabarani mkingojea karo. Mmeandikiwa barua za kukataliwa. Yule mtu wa jicho moja naye alikataliwa, na ni jicho hilohilo moja lililoona kupitia dirisha la Jinja. Kustahimili hakukuhitaji pesa nyingi. Alianza na pauni 25 na stempu. Wewe anza na daftari. Andika unachokiona kijijini kwako: mvua, mbu, magonjwa, mimea. Uliza. Ukijibiwa vibaya, uliza tena kwa adabu. Na ukienda chuo, urudi. Salia Musala, pale nchi zetu tatu zinapokutana, ugonjwa haujui mpaka. Tunahitaji madaktari na wauguzi wanaojua Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Lingala, wa kwetu wenyewe.

Baada ya ibada ile ya Arua Hill, dada mmoja wa kidato cha pili alinifuata na karatasi. Alikuwa ameandika maswali tisa. Sita nilishindwa kuyajibu. Nilimwambia, "Mwanangu, twende Kuluva tukawaulize." Tumepanga siku. Ukitaka kuja nasi, ndugu msomaji, njoo.

Tuombe. Bwana, tusamehe tulipotumia jina lako kufunga mlango uliokuwa wazi. Wafariji akina mama waliozika. Tupe macho ya kuona, hata kama ni moja, tupe maswali ya kweli na moyo usiokata tamaa. Katika jina la Yesu, amina.